Breki ya Abiria

Leseni nimeipata mwaka huu, nina miaka sitini na moja,
picha yake imetoka kama ya mtu aliyefumaniwa.
Vehbi aliendesha lori la mbao miaka thelathini
kutoka Ayancik hadi Amasra na kurudi.
Sasa macho yamemwekea ukungu katikati,
anaona kingo tu za vitu:
masikio yangu, anasema, lakini si uso.

Tulikodi gari dogo jeupe pale Amasra.
Kijana wa kukodisha, Tuncay, alilizunguka na karatasi yake
akihesabu mikwaruzo kama daktari anayehesabu vipele.
Vehbi akaenda moja kwa moja mlango wa kushoto,
akapitisha mkono dirishani, akashika usukani,
akasimama.
Kisha akazunguka kwa nyuma, kiganja juu ya bati,
akilipima gari lote kabla ya kufika upande wake.

Barabara hii haina pa kuweka rula.
Inapanda, inajuta, inashuka,
inachungulia maji, inakimbilia tena msituni.
Na Bahari Nyeusi si nyeusi.

"Kona ya kulia," anasema Vehbi, "kali. Kisha daraja jembamba."
Kweli: kona, kisha daraja.
"Hapo pana nyumba ya paa la bluu, mbwa wake hurukia matairi."
Paa siku hizi ni jekundu. Mbwa akaruka,
bila shaka mjukuu wa yule.

Kila kona mguu wake wa kulia unakanyaga kapeti.
Hakuna breki pale. Anakanyaga.
Nami nakanyaga yangu, na sijui
ni mguu upi kati ya miwili uliotupunguzia mwendo.

"Bahari ikoje?" aliuliza tulipoipita Cide.
Nikacheka. Wewe, uliyeipita mara elfu?
"Nilikuwa naangalia barabara, Nezihe.
Tani kumi na nane mgongoni, nani aangalie maji?"

Basi nikamweleza. Mara ya kwanza nilikosea,
nikasema ni nzuri, neno lisilo hata na senti mfukoni.
Nikajaribu tena: karibu na mwamba ni maji
ya kusuuzia kikombe cha mtindi;
mbele kidogo, kijani cha chupa;
huko mbali ni bluu ya ile sare ya Nermin, darasa la kwanza,
na meli moja juu yake, haiendi wala hairudi.

Alikaa kimya kona mbili nzima, hakuzitaja.
"Ile uliyoipunguza mikono," akasema.
Ndiyo. Hiyo.

Inebolu tulikunywa chai kwa mwanamke aliyekuwa akikata maharage,
hakuinuka, alituonyesha birika kwa ncha ya kisu.
Akamwuliza Vehbi, si mimi,
kama maporomoko ya jana yameshaondolewa njiani.
"Mwulize dereva," alisema Vehbi.
Chai ilinimwagikia kidogo.

Kilomita chache baada ya Abana, handaki.
Jipya. Hakulijua.
Kona zote alizozitunza kichwani zilibaki nje,
juu ya mlima, zikizunguka bila mtu.
Taa za njano zilipita juu ya magoti yake,
moja, moja, moja.
Mkono wake ulitafuta kitu, ukagusa breki ya mkono,
ukaiacha, ukashika pindo la koti langu.
Sikugeuka.
Nilikuwa naangalia barabara.

Siku ya nne tulirudisha gari.
Tuncay akalizunguka tena na karatasi yake:
bati zima, taa nzima, mikwaruzo ni ile ile.
Akafungua mlango wa abiria, akainama.
Kapeti limechimbika, nyuzi zimetoka nje,
shimo dogo la ukubwa wa soli.
"Hapa palikuwa na nini, mama?"

Vehbi alikwishaanza kuteremka kuelekea bandarini,
vidole vikifuata ukuta.
Nikafungua pochi, nikauliza ni lira ngapi.